Aliyeimba Kikohozi Chake



Desemba ikifika huku kwetu, ndugu wanapopanda kutoka Dar es Salaam kuja kula sikukuu kihambani, kuna sauti moja inayosikika nyumba hadi nyumba katikati ya migomba. Ni sauti nzito na ya upole ya Jim Reeves. Wengi wetu tuliikuta kwa baba zetu kwenye santuri, ikaja kwenye kanda, na leo imo kwenye simu za watoto wetu. Mwenyewe alifariki tarehe 31 Julai 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha ilipoanguka karibu na Nashville, Marekani. Santuri yake ya nyimbo za Krismasi ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla ya hapo.

Tunaupenda muziki huu wa kantri, lakini je, tunawajua wenyewe? Tabia yao moja ni kwamba hawafichi mambo ya nyumbani. Dolly Parton, mtoto wa nne kati ya 12, mwaka 1971 alitoa wimbo juu ya koti la viraka aliloshonewa na mama yake. Loretta Lynn aliimba wazi kwamba yeye ni binti wa mchimba makaa ya mawe. Charley Pride, mtoto Mweusi wa wakulima wa pamba, alipanda hadi kuwa nyota kati ya waimbaji Wazungu.

Aliyewatangulia wote hao ni Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri. Alizaliwa mwaka 1897 huko Mississippi, akafanya kazi kwenye reli. Mwaka 1924 akagundulika kuwa na kifua kikuu. Kazi nzito ikamshinda, akaishi kwa gitaa lake, na mwaka 1927 akarekodi nyimbo zake za kwanza katika mji wa Bristol. Santuri zake zilifika hata kwa jirani zetu wa Kenya. Wakipsigis walimwita Chemirocha, na mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kapkatet wakiimba juu yake.

Enzi zile kifua kikuu hakikuwa na dawa, na wengi walikiona ni aibu. Rodgers hakukificha. Mwaka 1931 alirekodi wimbo juu ya ugonjwa wake, akautaja kwa jina. Mei 1933 alikwenda New York kurekodi akiwa na muuguzi, akijilaza kitandani kati ya wimbo na wimbo. Siku mbili baada ya wimbo wa mwisho alifariki, akiwa na miaka 35, akamwacha mkewe Carrie na binti yao.

Tumemkumbuka kwa sababu ya mama mmoja wa jumuiya yetu. Alikohoa mbele yetu wiki nyingi akijifunika kanga mdomoni, akisema ni vumbi la mahindi. Nasi, pamoja na uuguzi wetu wote, tuliitikia, "Pole mama," tukaendelea na kikao. Aliogopa mumewe angemrudisha kwao, na watoto wake wangetengwa shuleni. Alipopimwa, mtoto wake mdogo naye alikuwa ameshaambukizwa. Hilo linatuuma mpaka leo. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua.

Namshukuru Mungu, wote wawili walipona. Tofauti yao na Rodgers ni dawa. Huku kwetu hospitali ya Kibong'oto ilianza kupokea wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926, lakini dawa ya kwanza ya kuua vijidudu vyake iligunduliwa mwaka 1943, miaka kumi baada ya kifo chake. Leo kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa takriban miezi sita, na dawa hutolewa bure.

Basi, mama, yashike haya:

1. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho jingi usiku au kukonda bila sababu, usingoje. Nenda ukapimwe.

2. Akigundulika mmoja, wote wa nyumba hiyo wapelekwe, hasa watoto wadogo.

3. Dawa zimalizwe hata kama mgonjwa anajisikia mzima. Anayeziacha katikati huweza kupata kifua kikuu sugu, kilicho kigumu zaidi kutibu.

4. Madirisha yafunguliwe, hewa ipite, hata baridi ya mlima ikiuma.

5. Usimtenge mgonjwa kwa maneno. Akianza dawa ipasavyo, hatari ya kuambukiza wengine hupungua haraka.

Sikukuu hii, santuri ya baba ikipigwa na mtu akakohoa pembeni, tusiishie kwenye pole. Tumshike mkono, tumsindikize. Mwimbaji yule alisema wazi wakati hakuna aliyeweza kumsaidia. Sisi tunao wa kutusaidia, tunyamazie nini?