MKATABA WA BIASHARA HURIA: TUDAI KABLA HAUJAANZA KAZI

Ndugu wafanyakazi wa mashamba na viwanda,

Siku hizi redio haziishi kutaja mikataba ya biashara. Jirani zetu wa Kenya walitia sahihi mkataba na Uingereza tarehe 8 Desemba 2020, kisha mwingine na Umoja wa Ulaya tarehe 18 Desemba 2023, na huu wa pili ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Yote miwili imeachwa wazi ili nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziweze kuingia. Maana yake ni kwamba wakati wowote wakubwa wetu hapa Uganda wanaweza kukaa mezani kuzungumza habari za maua, chai, kahawa na samaki. Habari za mikono inayokata maua na kuchuma chai huachwa hadi mwisho, wakati watu wameshachoka na wanataka kwenda kula.

Sisi tulio katika kazi ya kuandikisha wanachama tunaona ni lazima jambo hili lizungumzwe matawini mapema. Na badala ya kusema maneno ya jumla, tutazame nchi moja iliyokwisha kupita njia hiyo: Kolombia, huko Amerika ya Kusini, na mkataba wake na Marekani. Ni mbali, lakini kazi za huko ni kazi zetu. Watu wanakata miwa, wanachuma kahawa, wanabeba mikungu ya ndizi, wanavuna michikichi kama wenzetu wa Kalangala. Kwa kuuza maua nchi za nje Kolombia ni ya pili duniani baada ya Uholanzi, na Kenya iko nyuma yake.

Mkataba huo ulitiwa sahihi tarehe 22 Novemba 2006. Haukuanza kazi mpaka tarehe 15 Mei 2012. Miaka mitano na nusu ulilala, na hiyo miaka mitano na nusu ndiyo tunayowaomba muiangalie sana.

Waliouzuia ni wafanyakazi. Kolombia ilikuwa nchi ya hatari mno kwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Shule ya vyama iliyoko Medellín, ambayo huweka hesabu ya mambo hayo, iliandika zaidi ya watu 2,800 wa vyama waliouawa kati ya mwaka 1986 na 2011. Walikuwamo walimu, wachimba makaa, vibarua wa ndizi, viongozi wa matawi. Wauaji wengi hawakuhukumiwa. Vyama vya Kolombia vilipeleka habari hizi kwa ndugu zao wa AFL-CIO, muungano mkubwa wa vyama vya Marekani, nao wakawabana wabunge wao. Mwezi wa Aprili 2008 Rais Bush alipoupeleka mkataba bungeni, wabunge walisimamisha muda uliowekwa wa kuupigia kura. Matajiri wa nchi zote mbili walikuwa wanautaka mkataba usiku na mchana, na hawakuupata. Kwa muda huo mtu mnyonge wa shambani alikuwa na bei.

Jambo la pili lililosemwa sana ni vyama vya ushirika. Hapa inatubidi tueleze pole pole, maana ujanja huu unaweza kuja kwetu kwa jina lolote. Sisi tunaujua ushirika kuwa kitu chema: wakulima wa kahawa au pamba wanaungana ili wauze pamoja. Kule Kolombia wenye mashamba na viwanda vya sukari waliugeuza. Mfanyakazi aliachishwa kazi, kisha akarudi shamba lile lile, na panga lile lile, chini ya mnyapara yule yule, ila sasa akaitwa mwanachama wa ushirika. Kwa sheria hakuwa tena mtu wa kuajiriwa. Alikuwa mmoja wa wenye mali! Mwenye mali halipwi saa za ziada. Panga, viatu, michango ya matibabu na ya uzeeni, vyote vilikatwa katika jasho lake mwenyewe. Hakuweza kuingia chama cha wafanyakazi, kwa kuwa angemdai nani? Wala hakuweza kugoma, kwa sababu mtu hajigomei. Kiwanda kikawa kinapata miwa bila kuwa na mkata miwa hata mmoja katika daftari lake.

Mwezi wa Septemba 2008 maelfu ya wakata miwa wa bonde la mto Cauca waliweka mapanga chini kwa wiki nyingi. Dai lao kubwa lilikuwa kuajiriwa na kiwanda moja kwa moja, yaani waitwe wafanyakazi. Waliongezewa malipo. Kuajiriwa hawakupata.

Tarehe 7 Aprili 2011 Rais Obama wa Marekani na Rais Santos wa Kolombia walitangaza mpango wa mambo ya kazi, ili mkataba uweze kupita. Kwa haki tuseme kwamba kwenye karatasi mpango ule ulikuwa na meno. Wizara ya Kazi, ambayo ilikuwa imechanganywa na ya afya, irudishwe peke yake. Wakaguzi wapya wa kazi 480 waajiriwe katika miaka minne. Ushirika wa bandia upigwe marufuku, na faini iweze kufika mishahara 5,000 ya kima cha chini. Mwajiri anayevunja chama aweze kufungwa. Watu wa vyama wanaotishwa wapewe walinzi. (Faini ya namna hiyo hapa kwetu ingechekesha. Kima cha chini kilichomo katika vitabu vya Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, tangu mwaka 1984. Mara 5,000 ni shilingi milioni 30, ambazo tajiri wa sukari anaweza kulipa bila kuahirisha chakula chake cha mchana.)

Basi ulegevu ulikuwa wapi? Mpango ule haukuandikwa ndani ya mkataba. Mkataba una sura yake ya kazi, ya 17, inayosema kila nchi itaheshimu haki za wafanyakazi na kutekeleza sheria zake. Lakini wale wakaguzi 480, zile faini, zile tarehe, vyote vilikaa kando kama ahadi ya mdomo kati ya majirani. Asiyeitimiza hashtakiwi. Bunge la Marekani likapitisha mkataba tarehe 12 Oktoba 2011, na katikati ya Aprili 2012 Obama akatangaza mjini Cartagena kwamba Kolombia imetimiza ya kutosha na mkataba utaanza mwezi ujao. Vyama vya nchi zote mbili vilisema: bado. Havikusikilizwa.

Siku zile zile serikali ya Kolombia ilikimbiza bungeni sheria ya haki za wenye nyimbo, filamu na vitabu, kwa kuwa mkataba uliidai. Ilipita kwa wiki chache, ili iwe tayari mgeni akifika. Ilipikwa kwa haraka hata mahakama ya katiba ikaifuta mwaka uliofuata. Hatuna ugomvi na waimbaji. Tunasema tu kwamba mwenye filamu alipata chake kabla mlango haujafunguliwa. Mkata miwa naye alipewa sheria, lakini mtu wa kuja shambani kuitekeleza aliambiwa amngoje.

Mlango ulipofunguliwa mambo yakawa kama mnavyoweza kufikiri. Vyama vingi vya ushirika wa bandia vilifungwa kweli. Mahali pake yakaja makampuni madogo ambayo sheria ya Kolombia inaruhusu yafunguliwe kwa urahisi, yakiwa na watu wale wale na kazi ile ile. Ukaja pia ujanja mwingine ambao sisi watu wa vyama unatuuma kuliko wote. Kule sheria inakubali chama cha wafanyakazi kifanye mkataba na mwajiri kumfanyia kazi fulani. Basi vikaanzishwa vyama vya uongo, vyenye mwenyekiti, katibu na muhuri, kazi yake ikiwa kupeleka vibarua kwa tajiri. Chama ndicho kikawa kontrakta. Mfanyakazi akienda kulalamika anakuta kiongozi wa chama chake ndiye anayemkata mshahara. Ndugu, siku mtakapoona chama kimekuja na mwajiri katika gari moja, ulizeni kwanza kabla ya kutia sahihi.

Faini zilitozwa, tena kubwa, zikatangazwa magazetini. Nyingi hazikukusanywa. Makampuni yalikata rufani, mengine yakafunga ofisi na kufungua kwa jina jipya. Mwezi wa Mei 2016, miaka minne baada ya mkataba kuanza, AFL-CIO na vyama vya Kolombia walipeleka malalamiko rasmi Wizara ya Kazi ya Marekani. Januari 2017 wizara ikatoa taarifa ndefu. Ilikubali kwamba ukaguzi ni dhaifu, faini hazilipwi, ajira za kupitia kwa watu wa kati zinaendelea. Ikatoa mashauri. Adhabu hakuna. Wakati huo maua yalikuwa yanapanda ndege kwenda Miami bila ushuru, na hakuna aliyefikiri kuyasimamisha hata siku moja.

Wasidhani wenzetu kwamba Kolombia ilikuwa na bahati mbaya peke yake. Katika mkataba mwingine wa Marekani, ule wa Amerika ya Kati, vyama vilishtaki habari za Guatemala mwaka 2008. Hukumu ilitoka mwaka 2017. Wasuluhishi walisema haikuthibitishwa kwamba uvunjaji wa sheria za kazi uliathiri biashara kati ya nchi hizo, na kesi ikashindwa. Miaka tisa!

Hata hivyo si haki kusema hapakuwa na faida. Wizara ya Kazi ilirudi. Watu wengi wa vyama walipewa walinzi na magari, na mauaji yalipungua ingawa hayakwisha. Wako wafanyakazi wa michikichi waliopata kuajiriwa moja kwa moja, lakini mara nyingi ilikuwa baada ya wao wenyewe kugoma. Karatasi ya Obama na Santos iliwasaidia kama fimbo ya kushika mkononi. Kutembea ilibidi watembee wao.

Wako ndugu wanaotuambia tusiseme sana, wanunuzi wasije wakahamia kwingine. Wanatukumbusha AGOA, ule mlango wa Marekani wa mwaka 2000, ambao Uganda iliondolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Tunakubali kwamba ni kitu kibaya kufanya kazi ukitegemea zawadi ya mtu. Kolombia nayo ilikuwa na zawadi ya namna hiyo tangu mwaka 1991, ikakatika Februari 2011 mpaka Oktoba, na wenye mashamba ya maua wakahangaika. Ndiyo maana mkataba unaweza kuwa bora kuliko zawadi, na sisi hatuukatai. Lakini hoja hiyo inatupa nguvu sisi. Ikiwa tajiri anauhitaji mkataba kiasi hicho, basi wakati wa kumwambia sharti letu ni sasa angali anauhitaji.

Wataalamu watasema mambo ya kazi hayapimiki, hayawezi kufungwa pamoja na ushuru. Si kweli. Katika mkataba huo huo wa Kolombia mchele umepangiwa miaka 19 ya kuondolewa ushuru wa asilimia 80, mpaka uishe mwaka 2030. Wakitaka kuandika tarehe wanajua kuandika. Na mwaka 1999 Marekani na Kambodia zilipatana juu ya nguo kwa namna ya kutufundisha: viwanda vya Kambodia vikionekana vinafuata sheria za kazi, nchi iliongezewa kiasi cha nguo za kuuza Marekani mwaka unaofuata, na watu wa Shirika la Kazi Duniani wakaingia viwandani kutazama kwa macho. Mpango huo ulikwisha mwishoni mwa mwaka 2004, mgawo wa nguo ulipofutwa duniani. Lakini ulionyesha kwamba faida ya tajiri na haki ya mfanyakazi zinaweza kufungwa kamba moja.

Kwa hiyo tunalotaka serikali yetu ilidai, na yenyewe ikubali kudaiwa, ni hili. Sharti la kazi liandikwe ndani ya mkataba, si pembeni. Ushuru wa zao ushuke hatua kwa hatua, na kila hatua ingoje wakaguzi wawe wameajiriwa na wana usafiri. Mnajua wenyewe afisa wa kazi wa wilaya asiye na petroli anavyoletwa shambani na gari la mwenye shamba. Mtu aliyefanya kazi ya kudumu, awe ametoka kwa kontrakta au kwa ushirika au kwa chama, ahesabiwe kuwa ameajiriwa na yule anayeuza zao. Na vyama viwe na mtu mezani tangu siku ya kwanza ya mazungumzo, maana kuitwa kupiga picha siku ya kutia sahihi hakutusaidii.

Ili tuseme hayo mbele ya waziri tunahitaji hesabu. Kila mwakilishi wa wafanyakazi katika miwa, chai, maua, michikichi na viwanda aandike mambo manne: wafanyakazi wangapi wako katika daftari la kampuni, wangapi wameletwa na makontrakta, hao wa makontrakta wamekaa kazini hapo muda gani, na nani anawakatia akiba ya uzeeni kama inakatwa. Msiandike majina ya watu, andikeni idadi tu. Katibu wa tawi aipeleke makao makuu kwa mkono, pamoja na nakala moja ya karatasi ya mshahara ya kontrakta ikipatikana, jina likiwa limefutwa.