Video Yako Iuze Mzigo, Usisubiri Ikulipe Watazamaji



Kila wiki swali ni lile lile inboksi: "Nifanyeje nianze kulipwa kwa video?" Mimi nauza mashuka na mapazia kwa simu, kwa hiyo nitajibu kama muuzaji. Kama una bidhaa mkononi, pesa ya video iko kwenye mauzo. Njia nyingine mbili zinazosifiwa sana huko mitandaoni, moja ni mtego na nyingine ni ndefu mno kwa mtu mwenye kodi ya kulipa mwisho wa mwezi.

Tuanze na mtego. Ukiambiwa "tazama video kwenye simu yako ulipwe kila siku", halafu kwanza utume pesa ya kujiunga, kimbia. Jiulize tu: mwenye tangazo anatafuta nini? Anatafuta mnunuzi. Sasa kwa nini akulipe wewe unayebonyeza video ukiwa kitandani na hununui kitu? Pesa anayopewa wa mwanzo ni ya yule aliyeingia nyuma yake, ndiyo maana unasukumwa ulete ndugu na majirani. Tanzania tuliyaona haya Februari 2025 kwa LBL. Watu waliweka pesa zao wakiahidiwa malipo ya kila siku, mwisho pesa hazikutoka na polisi wakakamata watu katika mikoa kadhaa. Mtaji wa kununua mzigo usiupeleke huko, hata kama jirani amekuonyesha meseji ya muamala.

Njia ya pili ni halali: YouTube ikulipe kwa matangazo. Sina ubaya nayo, ila tuipigie hesabu. Ili uingie kwenye mgao wa matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila mtu anatazama dakika mbili, video zako zinatakiwa kutazamwa mara 120,000, na hapo ndiyo kwanza umefika mlangoni. Ukishaingia, unapata asilimia 55 ya pesa ya matangazo kwenye video ndefu, na hutumiwi chochote mpaka salio lifike dola 100. TikTok nao wana mpango wao wa kulipa video za zaidi ya dakika moja, lakini ni wa nchi chache tu na Tanzania haimo.

Sasa geuza hesabu. Ukiuza seti 30 za mashuka kwa faida ya 8,000, una 240,000 mfukoni. Hapo huhitaji watazamaji laki moja. Unahitaji watu 30 wanaotaka mashuka.

Najua kuna watakaosema, "Lakini nikichekesha kwanza nitapata wafuasi, nitawauzia baadaye." Dada mmoja tunayechukua naye mzigo Kariakoo aliniuliza hivyo hivyo. Nilimwambia: ukichekesha, mtandao utakuletea wapenda vichekesho. Siku ukiposti shuka watapita tu, na mtandao ukiona wanapita, utaacha kuwaonyesha hata wengine. Afadhali watu 300 waliokufuata kwa sababu ya mashuka.

Video ya kuuza haitaki mambo mengi. Rekodi karibu na mlango au dirisha, mwanga wa mchana unatosha. Iwe sekunde 20 hadi 40, kwa sababu mteja wako anatazama kwa bando lake na bando lina bei. Sekunde za mwanzo onyesha bidhaa yenyewe, salamu ndefu acha.

Halafu taja bei! Hii tabia ya "bei njoo inboksi" inafukuza watu. Mteja akiona bei imefichwa anahisi utamtazama usoni kwanza. Taja na saizi, ulipo, na gharama ya kutuma, kwa boda kwa wa mjini na kwa basi kwa wa mikoani.

Jibu pia wasiwasi wa mteja wako. Mtu anayenunua shuka bila kuligusa anaogopa mambo mawili: litachuja rangi na halitaenea kitandani. Basi lifue mbele ya kamera, litandike kwenye kitanda cha 5 kwa 6 aone. Wewe wa viatu, pinda soli. Wa vyombo, mimina maji ya moto. Na kama mzigo una kasoro, ionyeshe, maana mteja akikutana nayo nyumbani kwake hatarudi tena.

Video hiyo hiyo iweke TikTok, Instagram na status ya WhatsApp. Kisha chukua daftari. Kila oda ikiingia muulize mteja ameona video ipi, andika. Baada ya mwezi utakuta yenye watazamaji wengi mara nyingi siyo iliyoleta hela. Rudia ile iliyoleta hela.

Ukija kufikisha vigezo vya YouTube huku unauza, vizuri, hiyo itakuwa nyongeza. Mtaji wako ni mzigo ulionao leo.

Wewe unauza nini, na video ipi imewahi kukuletea oda? Andika kwenye komenti, wengine wajifunze.