Mafuta ya karafuu kwa ng'ombe wa maziwa: Nani atanunua?

MAFUTA ya karafuu, yanayofahamika zaidi kwa kutuliza jino na kuchua viungo, yamepata mteja mpya: viwanda vya chakula cha ng'ombe wa maziwa. Kwa wafanyabiashara wanaovusha bidhaa za mifugo kati ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, swali ni kama mfugaji wa huku atarudishiwa fedha yake.

Soko hili lilichangamka Ulaya. Kuanzia Januari 1, 2006, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki zilizokuwa zikichanganywa kwenye chakula ili mifugo ikue haraka. Kampuni nyingi zikageukia mimea. Agolin ya Uswisi, kwa mfano, inauza mchanganyiko wenye yujenoli, ambayo ndiyo kiini cha mafuta ya karafuu, pamoja na mafuta ya giligilani, au dania kama Wakenya wanavyoiita.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo humeng'enya majani kwa msaada wa vijidudu vilivyojaa kwenye tumbo lao la kwanza. Tatizo ni kwamba baadhi ya vijidudu hivyo hugeuza protini ya mashudu kuwa amonia kabla mnyama hajafaidi, na vingine hutengeneza gesi ya methani inayotoka kwa mbweu. Gesi hiyo huondoka na kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu iliyomo kwenye chakula. Mafuta ya mimea huvipunguza kasi vijidudu hivyo. Kipimo kikizidi, hata vile vinavyomeng'enya majani huathirika, na ng'ombe hula kidogo.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya majaribio ya mchanganyiko huo wa Uswisi, ulionyesha kuwa ng'ombe waliolishwa kwa zaidi ya wiki nne, gramu moja hivi kwa siku, waliongeza maziwa kwa asilimia 3.6 na kupunguza methani kwa asilimia 8.8.

Asilimia 3.6 kwa ng'ombe wa lita 30 ni zaidi ya lita moja kila siku. Kwa ng'ombe wa lita nane, ambaye ndiye wa kawaida kwenye mabanda mengi ya huku, haifiki hata theluthi ya lita. Na hapo ni kama ameshiba. Anayekula mabua ya mahindi wakati wa kiangazi hana protini ya kuokolewa. Gunia la mashudu ya alizeti litamsaidia kuliko tone lolote la karafuu. Suala la methani nalo, kwa sasa, halimwongezei mfugaji hata shilingi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa.

Wafugaji wa kuhamahama wa Karamoja, Turkana au Simanjiro hawamo kwenye hesabu hii, maana gramu moja ya kila siku inahitaji ng'ombe anayelishwa horini. Wateja ni wa Kiambu, Rungwe, na Rwanda, ambako mpango wa Girinka ulioanza 2006 umezipa familia maskini ng'ombe wa kufuga bandani.

Malighafi ipo jirani. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, hukamua mafuta ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikichambuliwa. Lakini karafuu ya Zanzibar hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC, na anayedhani ataipitisha kwa dau usiku hadi Shimoni anajua kesi inayomsubiri.

Ukiacha magendo, kikwazo kikubwa ni karatasi kuliko ushuru. Tanzania ina sheria ya vyakula vya mifugo ya mwaka 2010, na sheria ya viwango ya Jumuiya ya 2006 inataka alama ya ubora ya nchi moja itambuliwe na nyingine. Chupa isiyo na lebo haina alama ya kutambuliwa popote, na mfugaji akiipima kwa kifuniko cha soda atapoteza maziwa badala ya kuyaongeza.

Ndiyo maana biashara yenye nafasi ni ya pipa lenye cheti cha maabara, linalouzwa kwa kiwanda cha chakula cha mifugo chenye mizani ya kupima gramu. Ya chupa mkononi, kutoka banda moja hadi jingine, bado haina hesabu inayokubali.