MIZIZI IPIMWE, MAJIBU YATOLEWE

Mfanyakazi atokaye kazini Posta jioni na kupitia Kariakoo hana haja ya kutafuta sana ili azione dawa za miti shamba. Mizizi imefungwa mafungu mafungu, magome yamepangwa, na unga umetiwa katika vichupa. Muuzaji humwambia: hii ya tumbo, hii ya mgongo, ile ya sukari. Lakini ndani ya mzizi huo mna nini? Anywe kiasi gani? Na ikiwa anatumia dawa za hospitali, je, vitapatana? Hapo muuzaji na mnunuzi hunyamaza wote wawili.

Sisi hatuwadharau waganga. Elimu yao ni urithi wetu. Kwinini ilitoka katika magome ya mti. Na dawa mseto ya malaria tupewayo leo katika zahanati zetu imo ndani yake dawa iliyotokana na mmea ambao Wachina waliutumia karne nyingi. Lakini mmea huo haukuwa dawa ya ulimwengu kwa kusifiwa tu. Bibi Tu Youyou na wenzake walisoma vitabu vya kale, wakajaribu, wakashindwa, wakajaribu tena, hata mwaka 1972 wakaitenga dawa yenyewe. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel.

Twaukumbuka pia mwaka 2011. Mchungaji Ambilikile Mwasapile wa Samunge, Loliondo, alichemsha mizizi ya mugariga, akatoa kikombe kwa shilingi 500. Maelfu wakafunga safari; wengine wakafia njiani kabla ya kukifikia. Hatuwalaumu wagonjwa kwa kutafuta nafuu. Kosa ni kwamba watu walikunywa kwanza, upimaji ukaja nyuma. Na wako walioacha dawa zao za hospitali. Wazee walikwisha kusema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Twapenda ieleweke kwamba kupima kemia ya mzizi ni jambo moja, na kuthibitisha kuwa unaponya ni jambo jingine. Maabara ikionyesha kuwa hauna sumu, bado haijasema kuwa ni dawa. Na sumu si hadithi: mama zetu wajua kwamba muhogo mchungu usipotengenezwa vema huua, ijapokuwa ni chakula chetu. Baada ya maabara, lazima wagonjwa wafuatwe na kuhesabiwa, waliopona na wasiopona.

Vyombo tunavyo. Muhimbili ilianza utafiti wa tiba asili mwaka 1974. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002, na Baraza lake likaundwa. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko kando ya bahari, si mbali na Posta. Basi mizizi inunuliwayo zaidi sokoni ianze kupimwa, na majibu yatangazwe kwa Kiswahili chepesi huko huko sokoni. Mganga naye aandikiwe haki yake, kwani aogopaye kunyang'anywa elimu yake ataificha mpaka kaburini.

Mganga wa kweli hataogopa mzani. Aogopaye ni mlaghai. Na wewe ndugu mfanyakazi, usiache dawa ya daktari, wala usimfiche kile unachokunywa nyumbani. Jasho lako lisinunue mzizi usioujua.