Msitu wa Kabobo Haujaisha

Hapa Kalemie, ukitaja utafiti wa msitu na wanyama wake, hoja zinazorudi ni zile zile. Nazijibu kwa sababu hata wenye muhuri huzisema, na sahihi ya mwenye muhuri hukata miti mingi kuliko shoka.

"Wanyama waliisha wakati wa vita." Si kweli. Mwanzoni mwa 2007 watafiti, wakiwemo Wakongo wa kituo cha utafiti cha Lwiro, walipanda milima ya Kabobo, kaskazini mwa mji wetu, ambako wanasayansi hawakuwa wamefika tangu 1960. Walikuta sokwe wapo. Yupo pia mbega wa Kabobo, ambaye hajulikani mahali pengine duniani. Walirudi pia na popo, panya, virukanjia wawili na vyura wawili walioonekana kuwa wapya kabisa kwa sayansi.

Mtu atauliza, sokwe asiyeonekana anahesabiwaje? Kila jioni sokwe aliyeachishwa ziwa hukunja matawi na kujitengenezea kitanda kipya juu ya mti. Mtafiti hufuata mstari ulionyooka, huhesabu vitanda, hupima kila kimoja kiko umbali gani na mstari, na huangalia kama majani yake bado mabichi au yamekauka. Kutokana na hivyo vitanda hukadiria idadi ya sokwe. Ni kazi ya miguu na subira. Ina faida, maana sokwe jike huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka mitano hivi, na mtego wa waya uliotegewa swala humkata mkono yeye pia. Anayesema wameisha anampa mwindaji ruhusa ya kuwamaliza waliobaki.

"Miti huota tena yenyewe." Hapa kuna nusu ya ukweli, ndiyo maana inapotosha. Miti ya miombo huko chini huchipua kwenye kisiki ikiachwa. Haiachwi. Moto wa kiangazi huunguza machipukizi, kisha linafuata jembe la muhogo. Tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni ili litoe kilo 1 ya makaa. Tazama gunia moja juu ya baiskeli inayoingia mjini asubuhi, upige hesabu. Kisiki kikatwe kimo gani, moto uzuiwe mwezi gani, eneo lipumzike miaka mingapi: hayo hayajulikani kwa kukisia, yanapimwa. Na msitu wa juu mlimani una maisha mengine. Mbegu za miti yake mingi husafiri tumboni mwa hondohondo, nyani na sokwe. Wakitoweka hao, mbegu huangukia chini ya mti mama na nyingi hufia hapo.

"Kabobo ni mbali, sisi tuna ziwa." Umeme wa Kalemie unatoka kituo cha Bendera, kwa maji ya mto Kiymbi unaoshuka kutoka milima ya upande huo. Na ziwa lenyewe halijitegemei: utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa aina za samaki hupungua pale tope la milima iliyovuliwa miti linapoingia Tanganyika.

"Hifadhi ni njama ya kufukuza watu." Hofu hii ina msingi, Wabatwa walitolewa katika hifadhi ya Kahuzi-Biega miaka ya 1970, na hawajasahau. Lakini hifadhi ya Kabobo, kilomita za mraba zipatazo 1,477, iliyotangazwa na jimbo Desemba 2016, mipaka yake ilijadiliwa na vijiji. Zaidi ya hapo, amri ya Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wa hadi hekta 50,000 bila kikomo cha muda, na sheria ya Julai 2022 inalinda haki za Wabatwa na Wambuti. Jamii inayopewa msitu wake hutakiwa kuwa na mpango wa kuusimamia, na mpango hauandikwi bila kujua kuna miti gani na wanyama gani. Utafiti ndio unaoipa jamii kauli.

"Basi ni mambo ya wazungu." Lawama ya haki ni moja tu: ripoti huandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, kisha huondoka. Kwa hiyo, chifu, mtafiti akija kuomba ruhusa ya kupita, mpe kwa sharti moja: arudi asome matokeo yake kwa Kiswahili mbele ya kijiji kizima, Wabatwa wakiwa wameketi mbele.