Gari kuukuu? Jifunze kwa madereva wa Turkana

Huenda nyumbani kwenu kuna Land Cruiser au Land Rover ya zamani ambayo mzee aliinunua kwenye mnada baada ya shirika fulani kujipatia magari mapya. Watoto wanaipenda, mama analalamika kuhusu mafuta, na kila mwisho wa mwezi fundi anapata chake. Je, gari kama hilo ni mali au ni mzigo?

Leo tutalitafuta jibu mbali na lami ya Nairobi. Tutakwenda Turkana, kwenye njia zinazotoka Lodwar na Kakuma kuelekea vituo vya kaskazini kama Kaaleng. Huko kuna mchanga, mawe na laga, yaani mito ya msimu ambayo hukauka miezi mingi kisha hujaa kwa ghafla mvua inyeshapo mbali. Huko gari si la matembezi. Ndilo linalobeba chanjo, unga, walimu na mama anayehitaji kufikishwa hospitali ya rufaa Lodwar. Likikwama, kuna mtu ambaye atakosa kufika. Hivyo basi, madereva wa huko wamejifunza kulitunza kabla halijaharibika, na mengi wanayofanya hayahitaji gereji wala pesa nyingi.

Kwanza tujue kwa nini magari haya makuukuu bado yanapendwa. Toyota ilianza kuuza Land Cruiser za kundi la 70 mwaka wa 1984, na mwaka wa 1990 ikazitilia injini ya dizeli iitwayo 1HZ, yenye silinda sita na lita 4.2. Pampu yake ya mafuta huendeshwa na injini yenyewe, bila kompyuta. Hitilafu nyingi zaweza kuonekana kwa macho, kusikika kwa masikio na kurekebishwa kwa spana. Gari jipya laweza kukataa kuwaka kwa sababu ya waya mmoja mwembamba, na msituni hakuna mashine ya kulipima.

Tuanze na joto. Lodwar mchana hufika nyuzi 35 na zaidi. Tuseme maji ya injini yana nyuzi 90. Nairobi, hewa ikiwa nyuzi 22, tofauti ni 68. Turkana, hewa ikiwa nyuzi 38, tofauti ni 52 tu. Rejeta hutoa joto kulingana na tofauti hiyo, kwa hiyo rejeta ile ile imepoteza karibu robo ya nguvu zake. Ndiyo maana gari lililokuwa zima Nairobi huchemka likifika Lokichar. Injini haikubadilika. Ni rejeta iliyokuwa imeziba nusu, na baridi ya mjini ikaficha.

Fanya hivi asubuhi injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha rejeta utazame maji. Yakiwa na rangi ya kutu, rejeta yahitaji kuoshwa. Yakiwa na utando wa mafuta, mwone fundi mara moja, maana huenda gaskiti ya silinda hedi imeanza kuvuja. Binya mipira ya maji kwa vidole: iliyolainika kupita kiasi au yenye nyufa ibadilishwe. Tazama mpira wa kile kifuniko, kwa kuwa kazi yake ni kuyashikilia maji chini ya shinikizo ili yasichemke mapema. Kifuniko kibovu ni bei rahisi, lakini injini iliyopasuka si bei rahisi hata kidogo.

Gari likichemka njiani, simama, zima injini, fungua boneti na usiguse kifuniko kwa nusu saa au zaidi. Maji yaliyo ndani hutoka kwa nguvu na kuchoma uso. Usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, kwa kuwa chuma hupasuka. Wako madereva wa zamani waliozoea kutia yai au bizari ndani ya rejeta ili kuziba tundu. Huziba kweli, ila huziba pia njia za maji, na safari ifuatayo utachemka vibaya zaidi. Mpira ukitoboka, ukaushe, uufunge kwa utepe wa tyubu uliovutwa sana, kisha ulegeze kifuniko kidogo ili shinikizo lipungue. Nenda polepole huku ukiongeza maji.

La pili ni vumbi. Vumbi likipita filta ya hewa huingia kwenye silinda na kuisaga kama msasa. Filta ya karatasi ipigwe kwa kiganja taratibu, au ipulizwe kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Usiioshe kwa maji wala petroli, na usiipige kwenye tairi kama wengi wafanyavyo, kwa sababu itapinda na kuacha mwanya. Kisha pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba linalotoka kwenye filta kwenda injini. Kitambaa kikitoka na vumbi, kuna mahali panapovuja, na oili uliyobadilisha jana haitakusaidia.

La tatu ni dizeli. Mafuta yanayouzwa kwa madumu huwa na maji na uchafu. Chini ya filta ya dizeli mna kizibo. Kilegeze, umwage kiasi cha kikombe ndani ya chupa safi, uache chupa itulie. Maji hukaa chini, dizeli juu. Ukiona maji, endelea kumwaga mpaka yaishe. Kisha kaza kizibo na upige pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe nzito, ndipo hewa imetoka. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kufanya kazi hii. Tangi likitobolewa na jiwe, sugua kipande cha sabuni mahali pale mpaka kizibe. Sabuni haiyeyuki katika dizeli, nayo itakufikisha kwa fundi.

La nne ni mtikisiko. Barabara yenye mawimbi hulegeza kila nati. Dereva mwangalifu husimama baada ya kilomita 50 za njia mbovu, akazikaza nati za magurudumu, akatazama springi, shokabsoba na vibano vya betri. Jani la springi likivunjika, kata kipande cha mti, ukiweke kati ya ekseli na chesisi, ukifunge kwa mpira wa tyubu. Si tiba, ni gongo la kutembelea. Ukirudi, tia grisi kwenye maungo ya propela, hasa kama ulivuka maji, maana maji hufukuza grisi na kuacha kutu.

La tano ni tairi. Katika mchanga wa laga, kukanyaga mafuta kwa nguvu ni kujichimbia shimo. Punguza presha kutoka 40 hadi karibu 20, ili tairi lilale na kukanyaga eneo kubwa. Ukitoka mchangani jaza tena upesi, kwani tairi laini likienda mbio hupata moto na kupasuka. Kwa hiyo pampu ni lazima, hata ile ya mguu. Na laga likiwa na maji, shuka ungoje. Gari zito pia husombwa.

Sasa liko jambo ambalo macho hayaoni. Injini ya 1HZ ina mkanda wa taimingi ndani ya kifuniko. Ukikatika gari likiwa mbioni, vali hugongana na pistoni, na hapo sabuni na tyubu hazitakufaa. Hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000. Umenunua gari mnadani na hujui ulibadilishwa lini? Ubadilishe sasa, kisha uandike. Nunua daftari la shule, uliweke ndani ya gari, na kila oili, filta na mkanda uandikwe pamoja na kilomita na tarehe. Mpe mtoto mmoja kazi ya ukarani. Gari lenye daftari huuzwa kwa bei nzuri kuliko gari lenye rangi mpya.

Kabla ya safari ndefu, weka haya garini: mkanda wa feni, mipira ya maji, filta ya dizeli, tyubu kuukuu, waya, spana, jeki na ubao wa kuiweka juu yake mchangani, koleo, pampu na tairi mbili za ziada. Maji ya kunywa yawe mbali na maji ya rejeta, angalau lita tano kwa kila mtu kwa siku, na yatoshe siku moja zaidi ya safari. Mwambie mtu unakokwenda na saa utakayofika. Gari likigoma kabisa, usiliache ukaanza kutembea juani. Gari lina kivuli na huonekana kutoka mbali kuliko mtu.

Basi, gari kuukuu ni mali au mzigo? Linategemea nani analitazama. Mwenye kungoja mpaka lizime atalipa daima. Mwenye kulipa dakika ishirini kila Jumamosi atalirithisha wanawe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko Kaaleng hakuna wa kukuuzia mawe ya kujengea.

Jumapili ijayo tutaangalia betri na waya za taa. Mpaka hapo, fungua boneti.