Simu Nimenunua Mimi, Njia Wanichagulie Wao?

Najua nimekuwa kimya mwezi mzima, na kuna walionipigia kuuliza kama nimefungwa au nimeoa kimyakimya. Wala! Ni haya haya mambo ya kubeba boksi. Tofauti ni kwamba siku hizi boksi silibebi begani, nalipakia kwenye gari dogo la mizigo na kulipeleka nyumba hadi nyumba hapa Uingereza, kuanzia alfajiri mpaka giza. Leo nimekuja na hasira, kwa hiyo vuteni viti.

Kisa chenyewe ni hiki. Anwani ya mteja inaingia kwenye simu kama ujumbe. Ukiibofya, ramani inafunguka. Ramani gani? Ile ya aliyetengeneza simu, utake usitake. Mimi ninayo nyingine niliyoipakua mwenyewe, nimeizoea, inazijua njia za mashambani kuliko mimi ninavyoijua njia ya kwa bibi. Lakini simu haitaki kujua. Ili niitumie inabidi niinakili anwani, nitoke, nifungue ramani yangu, nibandike, ndipo nianze safari. Mara moja si tatizo. Vifurushi mia moja kwa siku, huku unalipwa kwa kifurushi? Piga hesabu mwenyewe.

Basi jioni moja ya Desemba nilikuwa nimechoka, nikasema liwalo na liwe, nikaifuata iliyofunguka yenyewe. Ikanipeleka kwenye njia ya trekta mpaka ukingo wa mto. Nyumba ya mteja naiona taa ng'ambo ya pili! Daraja hakuna. Kugeuza gari gizani kwenye matope kulinichukua karibu nusu saa, na vifurushi kumi na vitatu vikarudi ghalani siku hiyo. Kampuni siitaji, maana kila ramani ina siku yake ya kukosea. Hasira yangu si kwamba ilikosea. Hasira yangu ni kwamba sikuichagua.

Nilipomsimulia binamu yangu wa Tanga akacheka sana. "Sasa kaka, si simu yao? Mwenye duka hachaguliwi bidhaa." Nimekaa na neno hilo wiki nzima, na leo namjibu mbele yenu nyote.

Binamu, twende polepole. Hili jambo lina historia.

Apple walipofungua mlango wa programu za watu wengine kwenye iPhone mwaka 2008, masharti yao yalikataza programu inayomwongoza dereva hatua kwa hatua njiani. Yaani simu ina uwezo, watengenezaji wa ramani wapo, lakini mwenye mlango kasema hapana. Mwaka uliofuata, 2009, wakalegeza, na TomTom wakaingia na programu yao. Je, simu zililipuka? Hazikulipuka. Watu walifika walikokuwa wanakwenda, basi.

Halafu ikaja Septemba 2012. Tangu 2007 ramani iliyokuja na iPhone ilitumia data za Google. Apple wakaiondoa, wakaweka ya kwao, na ya kwao ilikuwa haijaiva. Madaraja yalionekana yameyeyuka, miji ikakaa pasipo pake. Huko Australia, Desemba ya mwaka huo, polisi wa jimbo la Victoria walilazimika kutoa onyo kwa madereva: ramani ile ilikuwa imeuweka mji wa Mildura katikati ya hifadhi ya taifa ya Murray-Sunset, kama kilomita 70 kutoka ulipo hasa. Watu walikwama nyikani, mahali ambapo joto linaweza kufika nyuzi 46 na maji hakuna. Wengine walikaa huko saa 24. Hapo, binamu yangu, sizungumzii tena vifurushi kumi na vitatu.

Na Apple walifanya nini? Tarehe 28 Septemba 2012 mkuu wao, Tim Cook, aliandika barua ya kuomba radhi, na ndani yake akawashauri wateja wake watumie ramani za washindani wakati wao wanatengeneza ya kwao. Alizitaja kwa majina: Bing, MapQuest, Waze, na tovuti za Google na Nokia. Soma tena hapo. Mwenye duka mwenyewe, siku bidhaa yake ilipooza, aliwaelekeza wateja kwa jirani! Kama mlango ungekuwa umefungwa kama mwaka 2008, angewaelekeza wapi? Ramani ya Google iliporudi kwenye iPhone Desemba hiyo hiyo, ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 10 ndani ya saa 48. Watu walikuwa na kiu.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza: mshindani si adui wa mwenye simu. Mshindani ni bima ya mnunuzi. Na ndiye anayemtia mwenye simu adabu ya kufanya kazi. Apple leo wana ramani nzuri sana, waliijenga upya na kuifikisha Marekani nzima mwaka 2020. Sidhani wangejisumbua hivyo kama mteja angekuwa hana pa kukimbilia.

Mtasema, basi yameisha, si wameshafungua? Jamani, kuna kufungua mlango na kuna kumweka mgeni barazani. Programu ya mshindani unaruhusiwa kuipakua, ndiyo, lakini ukibofya anwani haifunguki yenyewe. Na kwenye kioo cha gari je? Apple walipoleta mfumo wao wa gari, CarPlay, mwaka 2014, ramani ya simu iliyoruhusiwa humo ilikuwa ya kwao tu. Google Maps na Waze zilisubiri mpaka Septemba 2018. Miaka minne! Dereva alikuwa na chaguo lake mfukoni, lakini kwenye kioo kilicho mbele ya macho yake hana.

Msidhani nawaonea Apple kwa sababu nina simu yao. Google nao wana ya kwao. Italia kuna kampuni ya kuchaji magari ya umeme, Enel X, ilikuwa na programu ya kumtafutia dereva kituo cha kuchaji na kumwekea nafasi. Mwaka 2018 iliomba iingie kwenye Android Auto. Google wakakataa. Mwaka 2021 mamlaka ya ushindani ya Italia ikawapiga faini ya zaidi ya euro milioni 102. Google wakakata rufaa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 25 Februari 2025 mahakama ikasema kwamba kampuni yenye nguvu sokoni inayokataa kuufanya mfumo wake upatane na programu ya mwingine inaweza kuwa inatumia vibaya nguvu yake. Sababu za kweli za usalama au za kiufundi zinaweza kuhalalisha kukataa, lakini kwamba "hatujatengeneza kiolezo chake" peke yake haitoshi.

Na hao hao Google, mwaka 2009 walipoleta huduma ya bure ya kuongozwa kwa sauti, waliiweka kwenye simu za Android. Wenye iPhone hawakuipata mpaka 2012. Kwa hiyo katika ugomvi huu hakuna malaika. Tembo wawili wanapigana, na sisi ndio nyasi. Ndiyo maana siwaamini tembo wajipangie sheria wenyewe.

Sasa hoja za upande wa pili, maana sitaki mseme nimejipigia debe.

Ya kwanza ni yako binamu: duka ni lao. Sawa. Lakini mimi simu nimeinunua, sikuikodi. Fundi aliyenijengea nyumba Tanga hawezi kuniambia kitanda lazima ninunue kwa shemeji yake, eti kwa kuwa mlango alitengeneza yeye.

Ya pili: ukichukia, nunua simu nyingine. Ipi? Duniani kote kuna mifumo miwili mikubwa, iPhone na Android. Mwenye wa kwanza ana ramani yake. Mwenye wa pili anayo Google Maps, na tangu 2013 ndiye mwenye Waze pia. Ukitoka kwa huyu unaingia kwa yule. Hilo si soko, hiyo ni daladala mbili za tajiri mmoja mmoja, kila moja na njia yake, na wewe unakokwenda hawapiti.

Ya tatu ndiyo nzito: usalama na siri. Programu ya ramani inajua unapolala, unaposali, unakokwenda usiku. Ni kweli, na si kila programu ni ya kuaminiwa. Lakini dawa ni kuzikagua zote kwa kipimo kimoja, pamoja na ya mwenye simu. Simu tayari inaniuliza kama naruhusu programu fulani ijue nilipo. Iendelee kuniuliza. Kinachoniudhi ni mlinzi wa geti anayempekua kila mgeni mpaka soksi, wakati ndugu yake anapita na gunia begani bila kusalimiwa.

Halafu kuna jambo ambalo ninyi wa nyumbani mnalijua kuliko mimi: ramani moja haiwatoshi watu wote. Hapa Uingereza malori hugonga madaraja ya reli zaidi ya mara 1,000 kila mwaka, na baadhi ya madereva hao walikuwa wanafuata ramani ya gari dogo isiyojua urefu wa lori. Dereva wa lori anahitaji programu yake. Asiyeona anahitaji yake pia, kama BlindSquare ya Finland, inayomsomea kwa sauti yaliyomo barabarani. Hizi hazitengenezwi na wenye simu. Zinatengenezwa na watu wadogo wanaohitaji mlango tu.

Na huko kwetu? Mpaka mwaka 2009 Kibera, Nairobi, makazi ya watu chungu nzima, kwenye ramani nyingi ilikuwa kama doa tupu. Hawakusubiri kampuni ya California. Vijana wa pale pale walitembea na vifaa vya GPS wakazichora njia zao na kuziweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata walifanya kazi hiyo hiyo katika mradi wa Ramani Huria, wakachora vichochoro, mitaro na sehemu zinazojaa maji mvua zikinyesha. Kazi ile ya miguu na jasho inamfikia dereva wa bodaboda kupitia programu ndogo ndogo zinazotumia ramani hiyo. Siku mwenye simu akiamua kuzisukuma barazani, kilichosukumwa si programu. Ni kichochoro cha kwenu.

Basi ninachodai ni vitu vitatu tu. Programu ya mshindani iruhusiwe. Nikiichagua, anwani nikibofya ifunguke hiyo. Na kioo cha gari kiipokee kama kinavyoipokea ya mwenye mfumo. Msiniambie haiwezekani. Mwaka 2025 Apple waliweka uwezo wa kuchagua programu ya kuongoza njia, tena kwa kubofya mara chache, kwa sababu sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya iliwabana. Wakaifungua kwa nchi za Umoja huo. Uingereza ilishajitoa mwaka 2020, kwa hiyo mwenye iPhone wa Calais akapewa, na wa Dover, mwendo wa saa moja na nusu kwa feri, akanyimwa. Simu ile ile! Hapo ndipo nilipojua kwamba tatizo halikuwa la ufundi hata siku moja. Oktoba 2025 mamlaka ya ushindani ya hapa nayo iliwatangaza Apple na Google kuwa wenye nguvu ya pekee kwenye simu, ili iweze kuwawekea masharti. Haya, ndiyo mwanzo.

Na sisi tuna vyombo vyetu. Tanzania ina Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2003. Kenya wana Mamlaka ya Ushindani. Vyombo hivi visiishie kwenye saruji na sukari. Simu nayo ni barabara siku hizi, na barabara haina mwenyewe mmoja.

Wakati mnasubiri, binamu, fanya hivi: weka ramani ya pili kwenye simu yako leo. Organic Maps kwa mfano, ukishapakua ramani ya nchi haihitaji bando. Halafu angalia kama mtaa wenu umo. Kama haumo, uandike wewe. Usisubiri mtu wa mbali akuandikie njia ya nyumbani kwenu.

Mimi kesho naamka saa kumi na moja, na nitainakili na kuibandika kila anwani kama kawaida, maana ule mto sitaki kuuona tena. Wenye hoja tofauti karibuni, hata binamu, ila aje na hoja, si kicheko. Msalimieni bibi, mwambieni njia ya kwake naijua bila ramani.